Bati Jipya, Joto Jipya: Mafunzo Niliyopata Nikijenga Nyumba Singida

Nyumba ya kwanza niliyoisimamisha mwenyewe tangu msingi hadi paa ilikuwa ya mama yangu mkubwa, kijijini kwetu wilayani Ikungi. Vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, bati la geji 30, sakafu ya saruji. Siku ya kuhamia majirani walijaa uani wakampongeza kwa kutoka kwenye tembe, nami nikaona nimelipa deni la malezi. Mwezi wa kumi nikapita kumsalimia. Ilikuwa saa nane mchana, nikamkuta amelala nje, juu ya ngozi ya ng'ombe, chini ya mwarobaini.

"Nyumba yako ni nzuri, mwanangu," akaniambia. "Lakini mchana inanikaanga, na mwezi wa sita usiku ilinigandisha. Tembe halikuwahi kunifanyia hivi."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza, kama anavyomweleza mtu bei ya mtama. Maneno yale yalinifanya nianze kujifunza upya kazi niliyodhani naijua. Tangu hapo nimewajengea watu wengi wasio na mshahara wa mwezi: wakulima wa alizeti, akina mama wanaoponda kokoto, vijana wa bodaboda, ndani ya Manispaa ya Singida na vijiji vya pembeni. Haya ninayoyaandika niliyapata humo, mengine kwa hasara.

1. Tembe lilijua jambo ambalo bati halilijui

Kwa msomaji ambaye hajaliona, tembe ni nyumba fupi ya paa bapa. Nguzo za mti mgumu husimamishwa, mihimili hulazwa juu yake, kisha fito, kisha matawi na nyasi, na mwisho udongo mzito unaoshindiliwa. Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na majirani zao wamejenga hivyo kwa vizazi. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba ni nyumba ya ujinga.

Nimekaa nikalifikiria tembe kifundi. Singida iko juu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Jua ni kali, miti ni michache, upepo hauna kizuizi, na usiku wa Juni na Julai baridi inaingia mifupani. Katika nchi kama hiyo paa la udongo na ukuta mnene hufanya kazi ambayo feni haiwezi. Udongo hupokea joto polepole sana. Joto la saa saba mchana linafika ndani usiku, wakati watu wanalihitaji. Nyumba yenyewe ni fupi, kwa hiyo upepo unapita juu yake bila kupata pa kushika. Vifaa vyote vilitoka umbali wa kutembea kwa miguu.

Sitaki mtu adhani nawaambia watu warudi tembeni. Paa lile huvuja masika yakizidi, mchwa hula nguzo, moshi hauna pa kutokea, na kwenye nyufa za kuta na sakafu ya vumbi hujificha papasi, ambao wameambukiza homa ya papasi vizazi vingi vya watu wa kanda hii ya kati. Mama mkubwa mwenyewe aliugua. Kosa letu lilikuwa kutupa yote kwa pamoja. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, watu walihamishwa wakapangwa kwenye mistari iliyonyooka, na baada ya hapo tembe likageuka alama ya kurudi nyuma. Papasi tuliwakimbia kwa haki. Ubaridi wa mchana na ujoto wa usiku tuliviacha huko huko, hakuna aliyevibeba.

Nikianza kuchora nyumba ya mtu siku hizi, swali langu la kwanza ni hili: nitapata wapi unene wa udongo wa tembe bila papasi wake?

2. Udongo uupime kabla ya kuuamini

Jibu nililipata kwenye tofali la udongo lililotiwa saruji kidogo na kukandamizwa kwa mashine, bila kuchomwa. Mashine ya mkono ya kazi hii ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez, ikasambaa duniani. Kwetu Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001 kutokana na kitengo cha utafiti cha miaka ya 1970, umelieneza kwa umbo la tofali la kufungamana: lina meno na mashimo, linakaa juu ya mwenzake kama mkono ndani ya mkono, na udongo wa kuunganishia hauhitajiki sana.

Nilivutiwa nikaingia kichwakichwa. Mama mmoja, mteja wangu, alikuwa na kiwanja karibu na mbuga, nikachimba udongo mweusi pale pale, nikatia saruji kwa kukisia, tukafyatua matofali 400 na kuyaanika juani. Kufikia wiki ya pili yalikuwa yamepasuka kama kisigino cha kiangazi. Fedha ya saruji ile ilikuwa ya mauzo ya mbuzi wawili wa yule mama. Nilimrudishia, ilinichukua miezi minne.

Tangu siku hiyo sifyatui tofali kabla ya vipimo viwili ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifanya. Cha kwanza ni chupa. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chimba chini yake, jaza theluthi moja ya chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, acha mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Ninautaka udongo ambao sehemu kubwa, karibu saba kwa kumi, ni mchanga, na mfinyanzi uwepo wa kushikanisha tu.

Cha pili ni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Pakaza mafuta ndani, jaza udongo uliolowa, acha ukauke kabisa, kisha usukume upande mmoja upime umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa chini ya sentimita moja na nusu, ndoo moja ya saruji inatosha ndoo 18 za udongo. Ukisinyaa kati ya sentimita 4.5 na 6, ndoo moja inahitaji ndoo 12 tu. Zaidi ya hapo, ongeza mchanga au tafuta udongo mwingine. Ule wa mbugani, ningeupima, ungenionya mapema. Udongo wa kichuguu ambao mafundi wetu wanaupenda nao nimeukuta mara nyingi una mfinyanzi mwingi mno, mpaka uchanganywe na mchanga wa korongoni.

Kwa kipimo cha moja kwa 12, mfuko mmoja wa kilo 50 umenipa kati ya matofali 65 na 75. Yafunikwe, yamwagiliwe kivulini kwa siku saba bila kukosa, halafu yaachwe yakomae hadi mwezi. Hapo ndipo watu wengi wanaharibu. Mvulana wa kumwagilia akienda mnadani siku ya tatu, tofali limekwisha.

3. Tanuru linakula msitu ambao hatuna

Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba wananchi wanakataa nyumba ya matofali ya kuchoma na vigae huku wakiendelea kusubiri bati na saruji. Kuhusu kusubiri alikuwa sahihi kabisa. Kuhusu kuchoma, kwa Singida ya leo, mimi sikubaliani naye. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 mkoani mwetu, na kila familia inayojenga kwa tofali la kuchoma inawasha tanuru kwa magogo. Ukisafiri kuelekea Itigi unaona kile kichaka maarufu, mimea isiyopatikana kwa namna ile sehemu nyingi duniani, na pembeni yake unaona mashina yaliyokatwa. Kuni za tanuru zinapanda bei kila mwaka kwa sababu zinatoka mbali zaidi kila mwaka.

Nimekwisha kuchoma matanuru mengi ujanani. Nayakumbuka kwa majuto.

4. Paa linawaka kuliko ukuta, na upepo unalitaka

Unaweza kujenga ukuta mzuri wa udongo, ukauharibu kwa paa. Bati lisilo na dari ni jiko lililopinduliwa. Watu hudhani joto linaingia dirishani, lakini mchana wa Oktoba ukisimama katikati ya chumba utalisikia linakushukia utosini.

Kwenye somo hili nilisaidiwa na kazi ya mtu wa mbali. Francis Kéré, mwana wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alijenga huko shule iliyokamilika mwaka 2001 kwa matofali ya udongo na saruji kidogo, akaweka dari, kisha bati akaliinua juu ya dari kwa fremu za nondo ili upepo upite katikati na kuondoka na joto. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kwa wasanifu majengo. Gando ni mahali pa jua, vumbi na umaskini, kama kwetu. Nilipoona picha za shule ile nilimwonyesha mama mkubwa, naye akasema, "Hilo ni tembe lililovaa kofia."

Kwenye nyumba ndogo siwezi kuweka fremu kama zile. Ninachofanya ni kuinua kenchi kidogo, kuacha matundu makubwa kwenye pembe mbili za juu za kuta za mwisho, na kuyafunga kwa wavu ili mbu na popo wasiingie. Chini yake naweka dari. Ya kwanza niliitengeneza kwa mabua ya alizeti, kwa kuwa ni bure na yamejaa kila shamba. Panya na mchwa waliimaliza ndani ya msimu mmoja. Sasa natumia mikeka juu ya fito zilizotibiwa, na mteja akipata fedha baadaye anabadilisha. Rangi ya bati nayo ina neno: lile la damu ya mzee ambalo kila mtu analitaka linanyonya jua kuliko bati jeupe. Nimegombana na wateja mara nyingi zaidi kwa ajili ya rangi kuliko kwa ajili ya malipo.

Kisha kuna upepo. Singida inajulikana nchini kwa upepo, ndiyo maana wanaotafuta pa kuzalisha umeme wa upepo wameiangalia kwa miaka mingi. Upepo huo huo huling'oa bati. Nilikuwa natoa paa nje ya ukuta kwa karibu mita nzima ili kupata kivuli, mpaka dhoruba moja ya mwanzo wa mvua ikaingia chini yake, ikalibeba na kulitua shambani kwa jirani. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Sasa paa kuu linatoka kidogo tu, na kivuli cha ukuta kinatoka kwa kibaraza chenye paa lake na nguzo zake. Kikibebwa kibaraza, nyumba inabaki. Ndani ya lenta tunaacha masikio ya nondo nyembamba kila baada ya hatua moja, tunayakunja juu ya mbao ya ukutani na kuifunga kenchi. Gharama yake ni ndogo mno kiasi kwamba fundi asiyefanya hivyo anamdhulumu mwenye nyumba.

5. Nyumba iangalie jua kwanza, barabara baadaye

Tuko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha linahamia kusini, lakini miezi yote hiyo liko juu sana na kivuli kidogo cha paa kinalizuia. Linaloumiza ni jua la asubuhi na la jioni, linalokuja kwa ubavu na kupiga ukuta mzima. Basi nyumba ilale urefu wake mashariki kwa magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi uwe mfupi, usio na dirisha, ikiwezekana choo, bafu au stoo viwe huko kupokea kipigo.

Hakuna senti inayoongezeka kwa kugeuza nyumba kabla ya kuchimba msingi. Tatizo ni kwamba viwanja vyetu vimepimwa kufuata barabara, na kila mtu anataka sebule yake itazame wapita njia. Hapo mimi hukaa na mteja, nikachora chini kwa kijiti, nikamwonyesha kwamba mlango unaweza kutazama barabara na madirisha yakatazama kwingine. Wengi hukubali. Asiyekubali namjengea atakavyo, na ninapanda mwarobaini upande wa magharibi kabla sijaondoka.

6. Paa ni shamba la maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hii ningeifundisha kila mtoto wa Singida. Paa la mita 8 kwa 7 lina mita za mraba 56. Mwaka ambao mvua ni milimita 600, paa hilo linapokea lita 33,600. Ondoa moja ya tano kwa yanayomwagika na yanayokauka, unabaki na karibu lita 27,000. Mama anayetembea kutafuta maji mwezi wa tisa alikuwa nayo juu ya kichwa chake mwezi wa pili.

Hawezi kuyahifadhi yote, na hana haja. Tangi la lita 5,000 likijaa Aprili linatoa lita 25 kila siku kwa siku 200, yaani maji ya kunywa na kupikia ya familia hadi mvua ya Novemba. Ya kufulia na ya mifugo yatoke kisimani kama kawaida. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu, maana maji ya ardhini katika sehemu kadhaa za mkoa yana madini ya floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wetu wanaota meno ya kahawia, na wakiyanywa kwa miaka mingi mifupa nayo huathirika. Maji ya mvua hayana floraidi. Maji ya kwanza ya msimu yamwagwe, yaoshe bati na vumbi la kiangazi, ndipo tangi lifunguliwe, na ya kunywa yachemshwe.

Tangi ndicho kitu pekee ninachomshauri mtu asiye na fedha akope ili akipate. Samani inaweza kusubiri.

7. Mfuko wa mkulima unafunguka mara moja kwa mwaka

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, limejenga nyumba za gharama nafuu hapa kwetu Unyankumi, na ni vizuri. Lakini mkopo wa nyumba unahitaji hati ya mshahara na makato ya kila mwezi, na watu ninaowajengea mimi wana gunia la alizeti mwezi wa saba. Mwezi wa pili hawana kitu. Nyumba yao inajengwa kwa misimu minne au mitano, na mchoro usiojua hilo unawaachia magofu: kuta zisizo na paa zikilowa, matofali yakilika.

Kwa hiyo nagawa nyumba kwa msimu. Mwaka wa kwanza msingi wa mawe, ambayo Singida tumejaliwa kuliko mkoa wowote ninaoujua, uliopanda juu ya ardhi vya kutosha ili matone ya mvua yasile ukuta, na chumba kimoja kamili chenye paa lake na gata lake. Mtu anahamia. Meno ya tofali la kufungamana yanaachwa wazi pembeni kusubiri chumba cha pili. Mchoro wote uko tayari tangu mwanzo, karatasi moja, ameutunza ndani ya Biblia au Msahafu wake. Kila chumba kinasimama peke yake kama nyumba, hata kama cha tatu hakitajengwa kamwe.

8. Mwenye nyumba ashike mashine

Chamazi, Dar es Salaam, watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari waliungana chini ya Shirikisho la Maskini wa Mijini Tanzania, wakaweka akiba kidogo kidogo, wakanunua ekari 30 na kufyatua wenyewe matofali ya kufungamana ya nyumba zao. Majitaka yao waliyaelekeza kwenye bwawa la matete linaloyasafisha. Wengi waliofanya kazi ile walikuwa wanawake.

Nasi huku kwetu tulijaribu hivyo na kikoba cha akina mama kumi na wawili. Wiki ya kwanza tulitoa matofali 90 kwa siku, yaliyopinda. Wiki ya nne, zaidi ya 300, na mimi nikawa sihitajiki tena kwenye mashine. Kilichonigusa kilikuja miaka miwili baadaye. Mvua ilimega kona ya nyumba ya mmoja wao, na nilipofika kuitengeneza nilikuta ameshabadilisha matofali yaliyolika, ya kwake mwenyewe, kwa udongo wa kiwanja chake. Hakuninunulia hata soda, na hakupaswa.

9. Jiko litoke ndani

Fupi tu: nyumba haina haki ya kuitwa bora kama mama anapikia kuni ndani yake. Jiko liwe la nje, lenye kuta nusu na sehemu ya juu wazi, na ndani yake jiko banifu la udongo lenye bomba la moshi. Lijengwe msimu wa kwanza, pamoja na choo.

Namalizia kwa ombi. Miaka kumi na zaidi iliyopita Shirika la Nyumba liligawa mashine za kufyatulia matofali ya kufungamana kwa vikundi vya vijana katika halmashauri nyingi nchini. Nawaomba madiwani na maofisa maendeleo wa Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi wazitafute zilizopo maghalani, wazipeleke kwa fundi zikarabatiwe, na wazikabidhi kwa vikoba vya akina mama kata kwa kata kabla ya kiangazi kijacho, maana kiangazi ndicho msimu wa kufyatua. Na wewe mwenye kiwanja, kabla hujaagiza lori la kuni za tanuru, chimba shimo, jaza chupa, tikisa, subiri hadi kesho yake. Ukishindwa kuisoma, ilete. Nitaisoma bure.